Vijidudu sugu vya hospitali: Vikiongeza ukali tutakimbilia wapi?

Kaa kwenye benchi la zahanati yoyote hapa Majengo, hasa baridi ya Ufipa inapobana mwezi wa sita na wa saba, utasikia maneno yale yale: dawa za siku hizi hazina nguvu. Mtoto amepewa amoksilini hajapona, mama anadai sindano. Sindano ikichelewa kuleta nafuu, anaulizia ile ya nguvu zaidi. Watu wanalaumu kiwanda, wanamlaumu muuza duka, wanamlaumu daktari. Kijidudu chenyewe hakilaumiwi, na leo ndicho tunachotaka kukizungumzia.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa sana, nayo ni usugu na ukali. Kijidudu sugu ni kile ambacho dawa haikiui. Kijidudu kikali ni kile chenye uwezo mkubwa wa kumdhuru mtu. Kinaweza kuwa sugu lakini kipole, kikakaa tumboni mwako miezi mingi bila hata kukuharisha. Na kinaweza kuwa kikali kupindukia, lakini kikafa kwa dawa ya bei rahisi. Yote mawili yameandikwa ndani ya kijidudu, katika jeni zake, yaani yale maelekezo ya urithi yanayokiambia kijidudu kijitengenezee nini.

Chukua mfano wa bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae, ambaye wauguzi wa wodi za watoto wachanga wanamfahamu vizuri. Jeni zake za usugu humpa uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kinachokata dawa vipande kabla haijafanya kazi. Jeni zake za ukali ni habari nyingine. Ziko zinazomvika koti la ute, ili askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, washindwe kumkamata na kummeza. Ziko zinazotengeneza chambo cha kunasia madini ya chuma, kwa sababu mwili wetu huyaficha ili vijidudu vife njaa. Na ziko zinazompa vinyweleo vya kung'ang'ania, akajishikiza kwenye mpira wa mkojo au kanula ya dripu na kujenga humo kama utando. Wale wenye koti nene zaidi, mtaalamu wa maabara akiwagusa kwa kijiti na kuvuta, wanavutika kama mlenda.

Sasa sikiliza jambo linalotisha. Mwaka 1928 huko London, Frederick Griffith aliwadunga panya bakteria hai wa homa ya mapafu wasio na koti, ambao hawana madhara, pamoja na bakteria wakali waliokwisha kuuawa kwa joto. Panya wakafa, na katika damu yao wakapatikana bakteria wakali, hai kabisa. Wapole walikuwa wamechukua ukali kutoka kwa maiti! Baadaye ilifahamika kwamba kilichohama ni jeni. Bakteria wana njia nyingine pia. Wana vipete vidogo vya jeni viitwavyo plasmidi, ambavyo humpa jirani akiwa hai, hata kama si wa kabila lake. Kipete kimoja kinaweza kubeba usugu wa dawa nne au tano kwa mpigo.

Kwa miaka mingi tulikuwa na unafuu. Klebsiella sugu walikuwa ukoo wao, na Klebsiella wakali, wale waliojulikana kuanzia miaka ya 1980 huko Taiwan kwa kuwatia watu majipu ya ini, walikuwa ukoo mwingine uliokufa kwa dawa za kawaida. Unafuu huo unaondoka. Mwaka 2016 katika mji wa Hangzhou nchini China, wagonjwa 5 wa chumba cha mahututi, waliokuwa wamefanyiwa upasuaji, walishambuliwa na Klebsiella sugu aliyekwisha pokea kipete cha ukali. Wote watano walifariki. Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba Klebsiella wakali wameripotiwa katika nchi na maeneo 16, Oman ikiwemo, na kwamba baadhi yao sasa wanabeba usugu hata wa dawa za akiba, zile zinazotolewa nyingine zikishindwa.

Utasema China ni mbali. Basi twende Dar es Salaam. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, watafiti waliwafuatilia watoto 1,828 waliolazwa. Waliokuwa na bakteria wa kundi la akina Klebsiella katika damu, asilimia 43.5 walifariki. Waliokuwa na malaria, asilimia 20.2. Sisi tunaogopa mbu, na ni haki kumwogopa, lakini nani anaogopa mkono usionawiwa? Taarifa nyingine ya hospitali hiyo, iliyochapishwa mwaka 2005, ilionyesha kwamba watoto wenye bakteria waliokuwa na kile kimeng'enya cha kukata dawa walifariki asilimia 71, na wasiokuwa nacho asilimia 39.

Tuwe waangalifu hapa. Si lazima watoto wale wawe walikutana na kijidudu kikali zaidi. Wengi walikuwa wanapewa dawa isiyofanya kazi, siku zikipita. Usugu peke yake, bila nyongeza ya ukali, umeua kiasi hicho. Nyongeza ikija itakuwaje?

Na Mwanza nako, katika Hospitali ya Bugando, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwakuta Klebsiella sugu wa watoto wachanga wengi wao ni wa ukoo mmoja. Wakiwa wa ukoo mmoja, hiyo ni dalili kwamba hawakuja kila mmoja na mama yake kutoka nyumbani. Wanapita humo humo wodini, kitanda hadi kitanda, kwa mikono na vifaa.

Turudi kwetu. Mtu akijikata jembe anafungua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyizia unga kwenye kidonda. Mafua, ambayo ni ya virusi na hayahusiani kabisa na dawa za bakteria, yanatibiwa kwa vidonge vinne vya amoksilini kwa sababu hela ilitosha vinne. Na seftriaksoni, dawa ambayo daktari huitegemea mtoto anapokuwa mahututi, imekuwa sindano ya kila homa, siku moja ya leo, kesho mgonjwa akijisikia nafuu harudi. Kila dozi ya namna hiyo inaua wapole tumboni mwako na kuwaachia uwanja wenye vipete. Kisha mtu huyo analazwa, au anakwenda kumzuru mgonjwa, naye anawaingiza wodini.

Kumzuru mgonjwa ni jambo jema na hakuna anayekuzuia. Lakini watu kumi kumzunguka mzazi, kila mmoja akimbeba mtoto wa siku mbili na kumbusu, huko ni kumtakia heri kwa mkono na kumdhuru kwa mkono ule ule. Wapo wanaosema, mimi nina udhu. Udhu ni ibada, na maji yake yanatiririka, hilo ni zuri. Lakini ukishatoka nao umeshika nauli, simu na kitasa cha mlango wa wodi. Nawa tena kwa sabuni. Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wa Vienna kunawa kwa maji ya klorini mwaka 1847, na vifo vya wazazi vikashuka sana, kabla hata dawa ya bakteria haijagunduliwa.

Na muuguzi naye? Anaweza kuwa na vitanda thelathini na bomba moja la maji mwisho wa korido. Kumkemea peke yake ni uonevu. Spiriti ya mikono kila kitanda si anasa, na diwani anayekuja kuomba kura aulizwe kuhusu hiyo kabla ya kuulizwa kuhusu rangi ya jengo.

Nina dai jingine. Tanzania ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017, na sasa upo wa 2023 hadi 2028. Mpango huo kwetu sisi wa Rukwa una maana pale damu ya mtoto mwenye homa kali inapooteshwa maabara hapa hapa, si kusafirishwa Mbeya. Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili hadi tatu, hivyo daktari ataanza na dawa anayoikadiria, halafu ataibadilisha kwa ushahidi. Mzazi, unayo haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, damu imechukuliwa ya kuotesha kabla ya sindano ya kwanza?" Ikichukuliwa baada ya sindano, mara nyingi hakioti kitu, na mtoto anaendelea kutibiwa kwa kubahatisha.