Rundo la Nafaka na Alama za Mtihani



Hivi karibuni tulikuwa Nairobi kwa shughuli ya aila, tukalala siku mbili kwa ndugu yetu anayekaa Mashimoni, Kibera. Aliondoka pwani akiwa kijana, na riziki yake ni cherehani. Usiku wa kwanza, tulipokwisha kuswali Isha, binti yake wa kwanza, aliyemaliza kidato cha nne na anayetafuta nafasi ya kusoma Marekani kwa ufadhili, alitujia na mas'ala.

"Ami," akatuambia, "nimefanya mtihani wa SAT mara mbili. Baba ataka nitume matokeo ya mara ya pili peke yake. Nikiyaficha ya kwanza, nitakuwa nimesema uongo?"

Sisi tukajibu papo hapo. Tukamkumbusha kisa mashuhuri cha Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza mbona asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akamuonya juu ya ghushi. Tukahitimisha: tuma yote, mwanangu, wala usifiche.

Babaake aliendelea kukunja kitambaa chake. Kisha akauliza kwa adabu: "Sheikh, mteja akija kuchukua kanzu yake, ni lazima nimuonyeshe na ile niliyoikata vibaya kabla ya kumkatia hii?"

Hatukuwa na jibu. Wanavyuoni wetu wametufunza kwamba hukumu ya jambo hufuata kulielewa jambo lenyewe, nasi tulikuwa tumehukumu kabla ya kuelewa. Tukamuomba binti aketi atusomee masharti ya vyuo alivyoviandika, kimoja baada ya kingine. Haya ndiyo tuliyojifunza, na twayaandika kwa sababu tunajua kuwa wazazi wengine wanalo swali hili na wanaona haya kuuliza.

Kwetu Kenya, mwanafunzi hachagui alama za kupeleka. Baraza la Mitihani, KNEC, hutoa matokeo ya KCSE, na KUCCPS huyatumia kuwapanga wanafunzi vyuoni. Hata hivyo, kanuni yenyewe ya kuhesabu imekubali kumtazama mtoto kwa kilicho bora. Tangu mtihani wa 2023, wastani hupatikana kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyoyafanya vizuri zaidi. Hakuna aliyeita jambo hilo udanganyifu, kwa kuwa kanuni imetangazwa, kila mtu anaijua, na cheti bado kinaonyesha masomo yote.

SAT ina taratibu zake. Ina sehemu mbili, Hisabati na Kusoma na Kuandika, kila moja ikiwa na alama 200 hadi 800, na jumla ya juu ni 1600. Mtu aweza kuufanya zaidi ya mara moja. Tangu 2009, wenye mtihani huo wamemruhusu mwanafunzi kuchagua matokeo ya siku ipi yatumwe. Lakini huchagua siku nzima. Hawezi kuchukua Hisabati ya siku moja na Kusoma ya siku nyingine akazituma kama siku moja.

Baada ya hapo neno ni la chuo, na vyuo havikubaliani. Viko vinavyotaka alama za kila siku uliyofanya mtihani. Chuo Kikuu cha Georgetown kimejulikana kwa miaka mingi kwa sharti hilo. Viko vinavyokuachia uchague, na vingi kati ya hivyo huchukua alama yako bora ya kila sehemu kutoka siku zote ulizowatumia, wakazijumlisha. Na viko visivyolazimisha mtihani huo kabisa. Hivyo viliongezeka sana wakati wa korona, 2020, ingawa baadhi ya vyuo vikubwa vimerudi nyuma: MIT ilitangaza kuurudisha mwaka 2022, na Harvard mwaka 2024.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu. Nafaka iliyolowa ilikuwa ndani ya rundo lile lile lililouzwa. Mnunuzi angeipeleka nyumbani akidhani ni kavu. Matokeo ya kwanza hayamo ndani ya matokeo ya pili. Chuo kilichosema "tuletee uliyoyachagua" kinajua kuwa huenda yako mengine, na kimeridhia. Kukaa kimya hapo si ghushi, na ndugu yetu alisema kweli: aliyeagiza kanzu apewe kanzu.

Lakini mteja akisema, "Nionyeshe kila ulichokikata," basi kuficha kipande kimoja ni khiyana. Chuo kinachotaka zote kimeweka sharti, na Waislamu ni watu wa kutimiza masharti yao. Mwombaji pia hutia saini kwamba aliyoyaandika ni ya kweli. Ikibainika baadaye kuwa alificha, nafasi yaweza kuondolewa hata kama ameshaanza kufunga mizigo. Na hata isipobainika, Mola wetu anajua.

Sasa tutazame hesabu, kwani ilitushangaza sote. Mara ya kwanza binti alipata 690 katika Hisabati na 560 katika Kusoma na Kuandika, jumla 1250. Mara ya pili alipata 640 na 640, jumla 1280. Babaake aliona 1280 ni kubwa kuliko 1250, akataka ya kwanza izikwe. Lakini kwa chuo kinachojumlisha sehemu bora, 690 ya siku ya kwanza na 640 ya siku ya pili ni 1330. Kwa kuficha siku ile aliyoiona ya aibu, angempunguzia binti yake alama hamsini.

Hatusemi kuwa ukweli huleta faida ya dunia kila mara. Katika vyuo vinne alivyoviandika, kimoja kilitaka zote na hakijumlishi. Kwa hicho, 1250 itaonekana kama ilivyo. Babaake alipendekeza kifutwe katika orodha. Binti akasema, "Kiache, Baba. Wataona nilianguka Kusoma, na wataona nilipanda." Babaake alimtazama kitambo, kisha akakubali.

Kwa wazazi wenye watoto katika njia hii, tunausia mambo matatu. Kwanza, someni sharti la kila chuo kabla ya kutuma, na msomeshwe na mtoto ikiwa Kiingereza ni kizito. Masharti hubadilika kila mwaka, wala si aibu kuuliza. Pili, anayejiandikisha SAT hupewa nafasi ya kutuma matokeo bure kwa vyuo vinne, lakini muda wake huisha siku tisa baada ya mtihani, kabla alama hazijajulikana. Anayeitumia hutuma asichokiona. Anayengoja hulipa kwa dola kila ripoti. Mwenye mfuko mwembamba apime mapema. Tatu, msimfunze mtoto kuionea haya alama yake ya kwanza. Alikwenda kuufanya mtihani ule kwa juhudi yake, na kupanda kutoka 560 hadi 640 kwa kusoma usiku katika chumba kimoja na wadogo zake ni jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Asubuhi, kabla ya kupanda gari, tulimuomba radhi ndugu yetu kwa jibu letu la haraka. Akacheka, akasema kwamba naye alikuwa na haraka yake. Majibu ya vyuo hayajaja. Tunawaomba wasomaji mumtie binti huyu katika dua zenu, pamoja na watoto wetu wote wanaongoja majibu, wapewe lililo na kheri nao.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.