Nyumba hujengwa kwa jina la maskini, lakini nani hukabidhiwa funguo?

KILA mradi wa nyumba za bei nafuu unapotangazwa jijini Nairobi, walalahoi hushangilia, kisha husubiri. Historia ya jiji hili inafunza kwamba kujenga si kazi ngumu kuliko zote. Kazi ngumu ni kuhakikisha kuwa aliyekusudiwa nyumba ndiye atakayeishi humo.

Dandora ni ushahidi. Mnamo 1975, Baraza la Jiji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilianzisha huko mradi wa viwanja 6,000 vya watu wa mapato ya chini. Kila kiwanja kilikuwa na maji, choo na bafu. Aliyekipata alitakiwa kujenga vyumba vyake hatua kwa hatua, kadiri ya uwezo wake. Shule na zahanati zilikuwa sehemu ya mpango huo.

Wazo lilikuwa jema. Lakini waliolemewa na gharama za ujenzi na malipo ya mkopo waliuza viwanja, na wengine wakakodisha vyumba wakaenda kuishi penye nafuu. Baada ya muda yakaota magorofa ya kupangisha yaliyobanana, huku maji na mabomba ya majitaka yakizidiwa na umati ambao hayakutengenezewa.

Kosa hilo linaweza kurudiwa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, naye mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Sheria hiyo inatenga nyumba za kijamii kwa anayepata chini ya Sh20,000 kwa mwezi. Je, mama mboga anayepata Sh400 leo na kukosa kesho atalipa vipi amana na awamu za kila mwezi bila kuyumba?

Ushuru huo ni wa serikali ya kitaifa, lakini kaunti haiwezi kunawa mikono. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti jukumu la nyumba. Isitoshe, mitaa ya zamani ya baraza imekalia ardhi ya umma ambayo wawekezaji wanaimezea mate.

Tazama Pangani. Mtaa wa kaunti ulibomolewa kupisha mradi wa nyumba zaidi ya 1,500 kwa ubia na mwekezaji wa kibinafsi. Wapangaji waliohamishwa na kuahidiwa nafasi walikuwa 48. Nyumba nyingine ni za kuuzwa, baadhi kwa bei nafuu na baadhi kwa bei ya soko. Jiji linapata nyumba nyingi, naam, lakini nyumba ikishauzwa haiwezi tena kumhifadhi maskini wa kizazi kijacho.

Haimaanishi mitaa kama Kaloleni na Shauri Moyo iachwe ilivyo. Kuta zimechakaa na ukarabati umepuuzwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, mitaa hiyo ilikuwa na jambo moja la busara: nyumba zilibaki mali ya umma, na kodi yake ilikuwa chini ya ile ya soko.

Kwa hivyo, katika kila mradi unaojengwa kwenye ardhi yake, kaunti inafaa kubakisha sehemu ya nyumba za kupangisha zisizouzwa kamwe, kodi ilingane na mapato, na orodha ya wapangaji iwekwe wazi.

Huduma nazo ziende sambamba na ujenzi. Mpango wa Dishi na Kaunti, ulioanza 2023, ambapo mwanafunzi hulipa Sh5 kwa mlo, unaonyesha jiji linaweza kumgusa mnyonge likiamua. Ghorofa zinapopanda bila zahanati, shule ya chekechea wala maji ya kutosha, mzigo humrudia mkazi yule yule.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Viongozi wasituonyeshe milango mipya siku ya uzinduzi; watuonyeshe ni nani wanaoishi ndani.