Mvua na Shule za Bukoba na Muleba

Masika ya Kagera si jambo la kubahatisha. Tangu Machi hadi Mei mvua yaja kutoka Ziwani, na watu wa pwani ya Bukoba waijua vema. Basi twashangaa kuona paa la darasa likishughulikiwa mwezi wa Aprili, maji yakiwa tayari juu ya madawati.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016, liliharibu shule nyingi, Ihungo na Nyakato zikiwa miongoni mwao. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Ingekuwa Jumatatu asubuhi, tungekuwa twazungumza mengine. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa wahisani. Lakini shule ndogo ya kijijini, yenye ukuta wa ufa, haina mhisani ila wazazi wake na Halmashauri yake.

Kwa hiyo twasema wazi: fedha za ukarabati zifike shuleni Januari. Tena mwalimu mkuu aachiwe uamuzi wa saa za masomo siku za mvua kubwa. Afisa aliyeko mjini haoni mto wa bondeni ulivyofurika, wala ziwa lilivyochafuka kati ya Muleba na visiwa vya Ikuza na Goziba. Na mtoto aliyecheleweshwa na mto asichapwe.

Wanachama katika matawi hawana budi kuuliza kwenye mkutano wao ujao: madarasa mangapi yanavuja katika kata hii, na mabati yako wapi?