KIOO KIKIVUNJIKA DUKANI, NANI ALIPE?



Wengi wetu tunaokaa Tena, pamoja na majirani wetu wa Umoja na Donholm, hutoka alfajiri kwenda kusimama mchana kutwa katikati ya vitu tusivyoweza kuvinunua: televisheni, meza za vioo, vyombo vya udongo vya bei kali. Twavipanga, twavipangusa, twavibeba. Siku moja mkono unateleza. Hapo ndipo tuna neno.

Mwanachama wetu mmoja, mpangaji wa bidhaa katika duka tusilolitaja, alikuwa juu ya ngazi, televisheni mikononi, mteja akaigonga ngazi kwa kigari. Kioo kikapasuka. Mteja akaomba radhi, akaenda zake. Mama huyu akaitwa ofisini, akawekewa karatasi: tia sahihi, utakatwa Sh. 3,000/- kila mwezi mpaka zitimie Sh. 18,000/-. Akatia. Angefanyaje, na kodi ya nyumba yamngoja?

Basi na tuitazame sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Lishikeni neno hilo, makusudi. Kuteleza si makusudi, sembuse kugongwa! Hata palipo na kosa, makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Na ile karatasi? Kifungu cha 3 chasema mapatano ya kuacha haki zilizomo katika Sheria hii ni batili.

Matajiri watasema: je, hasara aibebe nani? Sisi twauliza, nani aliyepanga bidhaa mpaka njiani, vigari viwili visiweze kupishana? Januari 2006, huko Cambridge, Uingereza, mgeni katika makumbusho ya Fitzwilliam alianguka ngazini akaviangusha vyungu vitatu vya kale vya Kichina vilivyokuwa vimewekwa dirishani. Vikawa vipande vipande. Mafundi waliviunganisha, vikarudishwa mwaka ule ule, safari hii vikiwa vimekingwa. Ulinzi huo ungaliweza kuwekwa kabla mtu hajaanguka. Mwenye mali ndiye achaguaye mahali pa kuiweka, naye ndiye awezaye kuikatia bima. Mpangaji wa bidhaa hana bima ila mshahara wake.

Hatumtetei mtu anayerusha masanduku kwa hasira au ulevi. Huyo na ajibu mwenyewe.

Lakini twawasihi ninyi nyote, kwa kuwa siku ya mapumziko sisi nasi ni wateja. Kiwiko chako kikiangusha kitu, usikimbie kwa kuogopa kile kibao cha “Ukivunja umenunua.” Kibao si hakimu. Simama, mwambie msimamizi jinsi ilivyotokea, maana ukiondoka kimya lawama itamwangukia mwenzako aliyevaa aproni.

Kifungu cha 20 chamtaka tajiri aandike makato katika hati ya mshahara. Mwenye kukatwa kwa ajili ya vitu vilivyovunjika na aitunze hati hiyo, aandike siku, saa na majina ya walioona, avilete kwa katibu wa tawi kabla ya kutia sahihi karatasi yo yote. Aliyekwisha kutia naye aje.