Panya Haulizwi, Hutazamwa

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa sekondari huko Tongaren, ameniandikia akiuliza jambo ambalo nadhani limewatatiza wengi. Amesoma kwamba dawa za magonjwa ya ubongo hujaribiwa kwanza kwa panya. Daktari humuuliza mgonjwa, "Unajisikiaje leo?" Je, panya huulizwa na nani?

Panya haulizwi, ndugu yangu, hutazamwa. Dawa ya minyoo ni rahisi kupima kwa kuwa minyoo huhesabika. Woga, usahaulifu na huzuni havionekani kwa darubini, kwa hiyo wataalamu hulazimika kuusoma mwenendo wa mnyama. Panya mwoga akitiwa katika sanduku pana lililo wazi hutambaa kando ya kuta. Asiye na woga hukatiza katikati. Kuhusu kumbukumbu, Richard Morris wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, alieleza mwaka 1981 jaribio la kumwogelesha panya katika birika la maji yaliyotiwa maziwa, huku kijukwaa kimefichwa chini kidogo ya uso wa maji. Panya mzima hujifunza upesi kilipo kijukwaa hicho. Aliyeumia sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu huzunguka kila siku kama mgeni. (Najua wapo akina mama watakaoyasikitikia hayo maziwa.)

Jaribio jingine, la Porsolt, la mwaka 1977, mimi binafsi halinituliziki moyoni. Panya hutiwa majini mahali asipoweza kutoka, na muda anaokaa bila kupigapiga maji huhesabiwa kuwa dalili ya kukata tamaa. Akipewa dawa ya sonona, ile huzuni isiyokwisha, huhangaika kwa muda mrefu zaidi. Lakini nani ajuaye kama aliyetulia amekata tamaa, au ameng'amua tu kwamba kuhangaika ni kujichosha bure? Wataalamu wenyewe wangali wanabishana.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao wazee wa Bungoma na Busia wanaukumbuka. Mwanzoni vimelea huwa katika damu. Baadaye huingia ubongoni, na hapo mtu husinzia mchana, hukesha usiku, na tabia yake hubadilika hata jamaa wakadhani amerogwa.

Huko Muguga, katika iliyokuwa taasisi ya KETRI, ambayo kazi yake sasa iko chini ya KALRO, tumbili waliambukizwa malale ili dawa zijaribiwe. Walitazamwa kila siku. Huyu anakula? Yule mbona amejikunyata akisinzia? Kwa nini kazi yote hiyo, ilhali damu ingeweza kupimwa? Ni kwa sababu dawa kama suramini husafisha damu bila kupenya ubongoni. Mnyama huweza kuwa na damu safi na hamu ya chakula, kisha baada ya muda akaanza kuzubaa tena, kwa kuwa vimelea walijificha ndani. Ndiyo maana tumbili walifuatiliwa mwezi baada ya mwezi, na maji ya uti wa mgongo yakapimwa pia, kwani macho peke yake hayatoshi.

Haikuwa anasa ya wasomi. Dawa iliyofika ubongoni ilikuwa melasoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949 na yenye sumu ya aseniki ndani yake. Iliunguza mishipa, na kwa wastani iliwaua kama wagonjwa 5 kati ya kila 100 waliodungwa. Kila mtu alitamani tembe. Ikaja DB289, ikawaponya vizuri tumbili wa Muguga ambao ugonjwa wao ulikuwa mchanga. Lakini mwaka 2008 majaribio yake yalisimamishwa baada ya watu waliojitolea kuimeza kupata madhara ya figo. Tumbili hawakuwa wameonyesha hatari hiyo.

Tembe ilipatikana hatimaye. Feksinidazoli, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, ilipata kibali cha wakaguzi wa dawa wa Ulaya Desemba 2023 kwa malale ya upande wetu huu wa Afrika. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Mbung'o hawajaisha, na ng'ombe huweza kubeba vimelea akiendelea kula nyasi zake kama kawaida.