Ukurasa wa Juu Sio Lazima Uwe Wako



Leo naongea na wewe uliye na simu mkononi na bando kidogo. Ukiuliza Google jambo, unabofya ukurasa gani? Wengi wetu ni ule wa kwanza. Ukifunguka haraka na uwe na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe la daktari, basi tunasema huyu anajua.

Usifikirie ni ushamba wa kijijini. Mwaka wa 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio ambalo ndani yake waligeuza mpangilio wa matokeo ya Google bila wanafunzi kujua, huku wakipima macho yao yanatazama wapi. Wanafunzi waliendelea kubofya ya juu, hata pale ambapo yaliyowafaa zaidi yalikuwa yameshushwa chini. Na hao ni watu wa chuo kikuu! Tena siku hizi nafasi ya juu kabisa mara nyingi imelipiwa, na alama ya kuonyesha kwamba hilo ni tangazo ni ndogo sana.

Mimi naona tunakosea hata tukipata ukurasa wa kweli. Swali la "je, ni kweli?" halitoshi. Uliza pia: ni kweli kwa nani, na wapi?

Chukua jambo la nyoka, maana hapa Matinyani hatuongei hadithi. Susu ameumwa mguu akivuna ndengu. Mjukuu anachomoa simu, anatafuta kwa Kiingereza huduma ya kwanza. Anapata ukurasa safi kutoka Australia unaomwambia afunge mguu wote kwa bandeji ya kukaza. Ukurasa huo haudanganyi. Njia hiyo ilitolewa na Daktari Struan Sutherland wa Melbourne mwaka wa 1979, na huko imeokoa watu, kwa sababu nyoka wengi wa kule sumu yao hushambulia mishipa ya fahamu. Lakini kifutu wetu, yule mnene anayelala njiani bila kusogea, sumu yake huozesha nyama. Ukiikaza mahali pamoja unaweza kumwongezea susu madhara. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kumtuliza mgonjwa, kumvua pete na vitu vinavyobana, kuutuliza mguu usitikisike, na kukimbia hospitalini. Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna jiwe jeusi. Hata dawa ya sumu ya nyoka wa Marekani si ya nyoka wetu.

Kwa hiyo ukitafuta, ongeza neno "Kenya". Ongeza jina la nyoka kama unalijua. Angalia ukurasa uliandikwa lini. Utabiri wa mvua za Oktoba mwaka juzi hautakupandia mahindi mwaka huu.

Halafu toka. Ndiyo, toka kwenye huo ukurasa! Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatazama wanahistoria wenye shahada za uzamifu, wanafunzi, na watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Wanahistoria na wanafunzi walikaa ndani ya tovuti, wakasoma vizuri, wakavutiwa na nembo na majina makubwa, na wengi wakadanganyika. Wahakiki waliondoka karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: hawa ni nani, na wengine wanasema nini juu yao?

Niliposoma hayo nilifikiria watu wa Beroya, Matendo 17:11. Paulo mwenyewe anahubiri, nao wanakwenda kuangalia mahali pengine kama ndivyo ilivyo. Neno la Kiyunani alilotumia Luka hapo ndilo alilotumia Pilato alipomhoji Yesu, Luka 23:14. Ni neno la mahakamani. Na Luka anawasifu! Kwa hiyo hata mimi mchungaji wako nikiposti, nihoji.

Kijana unayetafuta kazi ya Saudia, sikia pia. Tovuti ya wakala inaweza kuwa na picha za ndege na majumba. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, toka hapo uangalie kama jina lake limo kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tovuti za serikali yetu huishia na .go.ke. Angalia mwisho kabisa wa jina, maana matapeli huweka "go" na "ke" katikati kisha wakamalizia na kitu kingine.

Turudi kwa susu. Leo kabla hujalala, tafuta namba ya hospitali iliyo karibu nawe, piga, uulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo kwa sasa, na kama haipo, iko wapi. Mimi sijui ukurasa wowote utakaokujibu hilo kwa usiku wa leo. Ukipata jibu, andika hapa chini ili na jirani yako alione.