Sitaki tabasamu, nataka maelezo

Haya ndugu zangu, leo tuzungumze kuhusu manesi. Najua wengi mkisikia neno hilo mnakunja sura, na kila mmoja anayo hadithi yake: nesi aliyefoka, nesi aliyemtolea mama mjamzito maneno yasiyoandikika, nesi aliyekuwa akichezea simu huku mgonjwa anaita. Hadithi hizo zipo na nyingi ni za kweli. Lakini mimi nimechoka nazo. Kila tukigusa uuguzi katika nchi hii tunaishia kwenye lugha: lugha chafu, lugha nzuri, lugha ya staha. Wakubwa wanakuja, wanakemea mbele ya kamera, bango linabandikwa ukutani kwamba mteja ni mfalme, na sisi waandishi tunarudi chumba cha habari tumeridhika kabisa.

Mimi nasema hivi: nesi anaweza kukuita "mama yangu" na kutabasamu tangu asubuhi hadi jioni, na bado ukatoka hospitali hujui unaumwa nini, dawa uliyobeba inafanya kazi gani, na dalili ipi ikikupata usiku urudi mbio. Nesi huyo amekuwa mpole, ndiyo. Kukuuguza bado.

Chukua ile bahasha ndogo ya dawa. Imeandikwa 1 x 3. Ni hesabu ya darasa la pili, jibu lake tatu. Tatu za nini? Dirishani utaambiwa "kutwa mara tatu", na foleni nyuma yako inasukuma. Sasa kutwa, kwa Kiswahili chetu, ni mchana: jua likichomoza mpaka likizama. Basi mtu aliyepewa amoksilini anameza asubuhi, mchana na jioni, halafu usiku mzima hana kitu, wakati aliyeandika alikusudia kila baada ya saa nane. Hapo bado hatujauliza kama ni kabla ya chakula au baada, au akitapika arudie au asirudie.

Kuna na neno dozi. Malaria ndiyo imetufundisha maana yake. Dawa mseto ya ALU inamezwa mara sita kwa siku tatu, ukimaliza umemaliza. Kwa hiyo kwetu dozi ni kitu chenye mwisho. Shangazi yangu alilazwa siku nne kwa ajili ya presha katika hospitali moja ya hapa mjini, akatoka na vidonge vya mwezi mmoja. Nikamuuliza, shangazi, wamekuambia nini? "Nipunguze chumvi." Basi. Mwezi ulipokwisha akatangaza kwamba amemaliza dozi, kichwa hakiumi tena, Mungu ashukuriwe. Miezi miwili baadaye tulimrudisha mkono wa kushoto haunyanyuki.

Presha ya kupanda haina dozi ya kumaliza, na mara nyingi haiumi popote mpaka siku inapokuangusha. Sentensi hiyo ingemchukua nesi nusu dakika. Hakuna aliyeisema. Na kwa taarifa yenu, manesi wa wodi ile walikuwa wapole sana. Shangazi anawasifia mpaka leo.

Mnaona ninapokwenda? Kumwelimisha mgonjwa tumekufanya kuwa nyongeza, kitu cha kufanywa ikibaki nafasi baada ya sindano na kubadilisha shuka. Mimi nadai kwamba ni tiba yenyewe. Wala sijaivumbua mimi. Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani ambaye maelezo yake ya kazi ya uuguzi yalisambazwa duniani tangu miaka ya 1960, aliiweka wazi: muuguzi humsaidia mtu kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia na maarifa, na humsaidia ili asimhitaji tena haraka iwezekanavyo. Nguvu tunampa kwa dripu. Maarifa je?

Nazijua hoja mbili mtakazonirushia.

Ya kwanza: wagonjwa wetu hawajasoma, hata ukiwaeleza hawaelewi. Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Mwaka 1980 shirika la BRAC la Bangladesh lilianza kutuma wanawake waliopewa mafunzo, nyumba kwa nyumba, kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya kuzuia mtoto anayeharisha asikaukiwe. Chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, nusu lita ya maji. Hawakuwa manesi hata, na wengi wa akina mama wale hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamefika kaya zaidi ya milioni 12. Lakini sikilizeni jambo lililonivutia. Malipo ya mwalimu yalitegemea mama anakumbuka nini. Msimamizi alipita baadaye, akamuuliza mama, na asipokumbuka kitu mwalimu naye malipo yake yanapungua. Kwa maneno mengine, mwanafunzi asipoelewa anayeulizwa ni mwalimu. Hapa kwetu ni kinyume: mgonjwa asipoelewa tunamwandika kwenye faili kwamba ni mkaidi, hafuati masharti.

Hoja ya pili nzito zaidi: manesi ni wachache. Kweli. Nesi mmoja usiku na wodi imejaa mpaka wengine wamelala chini, utamwambia akafundishe? Sitamtupia lawama yeye. Serikali iajiri, na ikiajiri ilipe. Lakini uchache haujibu kila kitu. Dawa za kupunguza makali ya VVU zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za umma Tanzania mwaka 2004, utaratibu ulikuwa mgonjwa akalishwe kwanza, aelezwe virusi vinafanya nini, kwa nini asiruke hata siku moja, aje na ndugu au rafiki wa kumkumbusha. Ndipo apewe kopo lake. Manesi walikuwa haba wakati huo pia. Fedha za wafadhili zilisaidia, sikatai, lakini kilichotangulia ni uamuzi: iliaminika kwamba bila kuelewa, dawa ni hasara. Mbona mwenye presha au kisukari haaminiwi hivyo?

Tena kuelimisha si kuhubiri. Mgonjwa wa kisukari anaambiwa, "Insulini weka kwenye friji." Vizuri. Kama anaishi chumba kimoja Tandale na friji hana? Atatikisa kichwa, atasema ahsante sista, ataondoka. Nesi anayemweka mgonjwa mbele angeanza na swali: nyumbani unaishije? Kisha angemwonyesha jinsi ya kutunza chupa penye ubaridi, ndani ya kifuko kisichopitisha maji, kwenye chungu cha udongo chenye maji, kivulini. Elimu isiyofika mlangoni kwa mgonjwa ni kelele tu.

Na ndugu je? Kiswahili kina hekima hapa: tunasema nesi ni muuguzi, na shangazi yako anayekesha nawe tunasema anakuuguza. Kitenzi kimoja. Lakini muda wa kuona wagonjwa ukiisha, huyu anayekwenda kuuguza nyumbani miezi sita anafukuzwa na mlinzi bila kuambiwa lolote.

Nataka mambo matatu. Moja, mgonjwa asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla hajaulizwa: "Hebu nieleze wewe, ukifika nyumbani utafanyaje?" Swali la "umeelewa?" lifutwe, kwa sababu jibu lake siku zote ni ndiyo. Mbili, maelezo yaandikwe kwenye faili kama sindano inavyoandikwa, nani kaeleza, nini, na mgonjwa kajibu nini. Tatu, wakaguzi wakija waache kuhesabu vitanda peke yake, wasimame getini wawaulize wanaotoka.

Nanyi mliosoma, mnaojua kudai chenji ya shilingi hamsini kwa kondakta, mbona wodini mnakuwa mabubu? Usibanduke dirishani hujajua naumwa nini, dawa hii ya nini, na lini nirudi mbio. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Ukiitwa msumbufu, kubali tu jina hilo.

Manesi mnaosoma hapa, karibuni mnipinge. Naomba kuwasilisha.